Shairi Lililonyamazisha Visikio

Shairi letu lilikuwa na beti kumi na mbili, na kila ubeti ulikuwa na kazi moja: kukishinda kisikio.

Tulikuwa jikoni mwa shule, saa kumi jioni, masufuria yameshaoshwa, na mvua ya Rungwe inapiga bati bila haraka, kama mgeni anayejua atalala. Tluway, mtoto wa Mbulu, alisimama kwenye gunia la viazi akakohoa, akaanza.

"Mwangaluka mlima, kamwene mvua, mbombo ngafu lakini tumeamka."

Asubuhi njema ya Kisukuma, salamu ya Kihehe, kisha msemo wa kwetu Unyakyusa kwamba kazi ni ngumu, halafu Kiswahili kikafunga mlango. Nyuma ya sikio langu kisikio kilitetemeka. Kilijaribu lugha ya kwanza, kikaruka ya pili, kikagonga ya tatu. Kisha kikanyamaza, na sauti ya Tluway mwenyewe ikaingia kichwani mwangu, nzito, yenye mikwaruzo, ikinasa kwenye herufi ya m kama kanga inavyonasa kwenye msumari.

Tluway ana kigugumizi. Nilisoma naye miaka mitatu bila kujua.

Kisikio ni kidude kidogo, hakizidi punje ya haragwe, kinachobandikwa kwenye mfupa wa nyuma ya sikio siku unayoandikishwa shule. Kinaizuia sauti ya anayesema, kinatambua lugha yake ndani ya maneno mawili matatu, kisha kinakupa maneno yake kwa Kiswahili laini, kwa sauti moja ya mwanamke tuliyemwita Mama. Mwalimu akifundisha ni Mama. Rafiki akikuchongea ni Mama. Ukikivua saa za masomo kinapiga mlio na jina lako linaandikwa. Walikileta baada ya ile miaka saba ya ukame, watu walipopanda huku kwenye mvua kutoka pande zote za nchi na shule yetu ya Itete Mpya ikajikuta na watoto wa lugha kumi na tisa. Na siwezi kusema uongo, kilisaidia. Mtoto aliyefika Jumatatu alielewa hesabu Jumanne.

Lakini waliokitengeneza walikipa sheria moja: heri kunyamaza kuliko kukosea. Tulilijua hilo hapo hapo jikoni, kwa bahati. Jumamosi wanafunzi tunapika wenyewe, na mpishi wetu ana amri yake, kwamba aliyeleta chakula cha kwao hakipiki. Anampa mwenzake apike, yeye anaonja na kutukana. Mimi nilipika michembe ya Usukuma, viazi vitamu vilivyokaushwa, ikawa ngumu kama kokoto. Tluway alipika mbalaga, ndizi za kwetu, nami nikamwambia bibi yangu angezika sufuria hilo pamoja na mpishi. Alinijibu kwa kuchanganya matusi ya lugha tatu alizookota jikoni, na katikati ya tusi Mama akanyamaza, nikamsikia. Nilisimama na mwiko mkononi. Kwa mara ya kwanza nilijua mwenzangu ana koo.

Ndipo tukaanza kuandika. Amri ya mpishi tukaifanya amri ya chama: hakuna anayesoma mstari wa kwao. Unampa mwenzako lugha yako aibebe mdomoni, unamsahihisha ulimi, na yeye anakupa ya kwake. Tulikuwa kumi na wawili. Tulitaka kulisoma Siku ya Ushairi, mbele ya wazazi.

Jioni hiyo ya mvua, zikiwa zimebaki siku tisa, Nyamizi alikuja mazoezini kwa mara ya kwanza. Ndiye aliyetuzidi wote kwa kalamu, mistari yote ya Kisukuma ilikuwa yake, lakini zamu yake ya bustani iligongana na mazoezi, kwa hiyo alikuwa akituletea karatasi tu. Alikaa kwenye kinu kilichogeuzwa, ameshika mfuniko wa sufuria mapajani, anatabasamu.

Tluway akamaliza ubeti wa kwanza. Nikapokea wa pili, kwa Kiiraqw chake kinachotaka pumzi itoke chini kabisa ya koo, halafu Kigogo, halafu Kisukuma cha Nyamizi mwenyewe. Nilikuwa namtazama yeye nikitegemea sifa. Tabasamu lake lilikuwa limekwisha. Alikuwa anatazama midomo yetu, huyu, yule, kama mtu aliyeachwa nje ya dirisha.

Alisimama. Akauweka mfuniko sakafuni taratibu, bila mlio.

"Mmenizima," alisema. "Kama taa."

Akatoka kwenye mvua.

Hapo ndipo tulipokumbuka. Nyamizi aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka tisa, ikaondoka na masikio yake. Kisikio chake si kama chetu. Kina uzi unaokwenda hadi kwenye neva, na kinabeba sauti ya Mama peke yake, hakuna kingine. Kisikio chetu kikishindwa, tunasikia watu. Chake kikishindwa, anabaki kwenye kimya.

Miezi miwili tulikuwa tunaimba mistari ya Nyamizi kwa lugha ya mama yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba hatalisikia hata neno moja. Sisi, tuliokuwa tukijisifu kwamba tunasikilizana.

*

Kesho yake niliitwa ofisini. Mkuu wa shule alinifungulia mlango akatoka yeye, akaniacha na Mthibiti Chiduo, mwanamke anayesimamia shule za ukanda wetu. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba kwa upole, akanimiminia chai kwa mkono wake. Nilijua basi kwamba mambo ni mabaya.

Alikuwa na karatasi. Kila kisikio kinaponyamaza, taarifa hupelekwa kwa Mamlaka iliyovileta kama hitilafu, na hitilafu zetu zilikuwa zimejipanga vizuri: jikoni, saa kumi, visikio kumi na viwili kimya kwa dakika sita. Hakuuliza tulikuwa tunafanya nini. Alitaka kujua tu kama wazo lilikuwa langu. Nikasema ni letu. Akasema, sawa, lakini nani mwenye mdomo mkubwa. Nikasema, mimi.

Alicheka kidogo. Kisha akanipa shauri lake, na niseme haki, halikuwa la mtu mjinga. Tusome shairi letu lote, lugha zote, hakuna atakayetuzuia. Ila kila lugha ikae kwenye ubeti wake, isichanganywe, ili Mama aweze kufuata na wazazi waelewe. Tukikubali, shule itasifiwa. Tukikataa, chama kinavunjwa siku hiyo hiyo. Na kulikuwa na nafasi moja ya chuo cha ualimu wa lugha kwa shule yetu yote, jina lililoandikwa ni langu, na sahihi yake ataiweka baada ya Siku ya Ushairi.

Nilimwambia hiyo ni nyumba ya vyumba vingi isiyo na mlango kati. Watu watakaa humo miaka na miaka wasionane.

Mthibiti Chiduo alikizungusha kikombe chake kwenye kisahani.

"Nilipokuwa darasa la tatu tulikuwa na kibao," alisema. "Cha mbao, na kamba ya katani. Ukisema lugha ya nyumbani, unavishwa shingoni. Mimi nilimwomba mtu maji kwa Kigogo. Nikakivaa Jumatatu hadi Alhamisi. Unajua kilikuwa kinavuliwaje?"

Nikasema sijui.

"Unamkamata mwingine. Ukimsikia anasema lugha ya kwao, unakwenda kumsema, yeye anavaa, wewe unavua. Alhamisi nilimkamata dada yangu. Tulilala kitanda kimoja, binti. Alikuwa ananisemesha ili nisilie."

Mvua ilikuwa imepungua. Nilisikia mtu akichanja kuni.

"Hapa hakuna mtoto anayevaa kibao," aliendelea. "Hakuna anayechekwa kwa lafudhi. Huyo kijana wenu wa kigugumizi ameishi miaka mitatu bila kuchekwa hata siku moja. Mimi nimeikubali kazi hii kwa sababu hiyo. Na yule msichana wenu, Nyamizi. Shairi lenu linamrudisha kwenye kimya alichotolewa. Mlimwuliza?"

Ningeweza kubishana naye juu ya kibao hadi jua lizame. Ningemwambia kwamba kibao kilimnyamazisha mtoto mmoja mmoja, na kisikio kimetunyamazisha wote kwa mpigo, tena kwa adabu. Lakini Nyamizi hatukuwa tumemwuliza. Nikanywa chai yake, nikasema asante, nikatoka.

*

Nyamizi alikuwa bustanini akipalilia kabichi. Nilimgusa bega ili anione, nikamwambia nimeamua: tutatenganisha lugha, kila moja na ubeti wake, na kisikio chake kitafanya kazi mwanzo hadi mwisho. Nilitegemea atafurahi. Pengine nilitegemea kushukuriwa.

Alichomeka jembe ardhini.

"Umekuja kunihurumia au kunitumia?"

Nikasema sielewi.

"Unaogopa kukosa chuo, Subilaga. Ogopa, si dhambi. Lakini usiende kusema umeogopa kwa ajili ya Nyamizi."

Nilimkasirikia kama unavyomkasirikia mtu aliyekushika mkono ndani ya chungu. Nikamwambia yeye ndiye aliyesema tumemzima. Akasema ndiyo, tumemzima, na Mama pia alimzima, ila hapo hakuna aliyetoka nje kwenye mvua. Kisha akavua glavu za bustani, akazitupa kwenye toroli, na kunieleza jambo ambalo kwa miaka mitatu sikuwahi kumwuliza.

Baada ya kuugua alipelekwa shule ya viziwi. Miaka miwili. Watoto wa pale walimfundisha lugha ya alama, mikono na uso na mabega, lugha yenye methali zake na matusi yake, ambamo unaweza kumsengenya mtu aliyekaa meza ya tatu huku mdomo umejaa ugali. Siku visikio vilipofika, mafundi waliwatia wote nyuzi, na mwalimu akawaambia kwa furaha kwamba sasa mikono inaweza kupumzika. Aliyeinyanyua alishushiwa. Si kwa fimbo, kwa kubembelezwa tu, kila siku, hadi ikashuka yenyewe. Wazazi walipiga makofi na kulia.

"Na mimi nilifurahi," alisema. "Nataka uelewe hilo pia. Kusikia jina langu tena nilifurahi. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba nalipia kwa mikono."

Aliitazama. Ilikuwa na udongo hadi kwenye viwiko.

"Haya. Sheria ya chama inasemaje? Mwenye lugha hasemi mstari wa kwao. Basi mimi nitakaa mstari wa mbele kabisa, na nyinyi mtasema. Wote. Ukikosea nitakutukana mbele za watu."

Tulikuwa na siku nane.

Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Ulimi wangu hujifunza haraka, mikono yangu ni mikono ya kuchuma chai, inajua kunyakua tu. Nyamizi alitufundisha kwamba nyusi nazo zinasema, kwamba kidole kikipita karibu na shavu badala ya kidevu umekwisha kuhama kijiji. Siku ya pili nilimweleza kwa ufasaha kabisa kwamba mama yangu mzazi ni kiazi. Alicheka hadi akakaa chini. Tluway ndiye aliyetushinda wote. Mikono yake haikuwa na kigugumizi, na nadhani alikuwa mtu wa mwisho kugundua.

Tulipanga hivi: mmoja anasema ubeti kwa kinywa, akichanganya lugha kama tulivyozoea, wengine wote wanausema kwa mikono. Ubeti wa mwisho hauna kinywa. Lakini beti kumi na mbili zilikuwa nyingi kwa mikono migeni. Tukakata. Siku ya nne zilibaki nane, siku ya sita zilibaki sita, na kwa wakati uliobaki tungeweza kubeba tano tu. Ubeti wa sita ulikuwa wangu, wa Kinyakyusa karibu wote, maneno ya bibi yangu juu ya maziwa na umande, ambayo nilikuwa nimemwandikia Tluway ayaseme. Nilikuwa nimeufanyia kazi tangu Februari. Hakuna aliyeniomba. Niliuchana mwenyewe, vipande nikavitia jikoni chini ya sufuria la maharage, na yakachelewa kuiva hata hivyo.

Nilikwenda kwa Tluway peke yake, nikamweleza maneno ya mthibiti, kwamba visikio vikizimika ukumbi wote utamsikia alivyo. Ana haki ya kukataa. Aliniacha nisubiri jibu hadi limalize kutoka.

"Nimechoka," alisema, "kusifiwa sauti ya mwanamke."

*

Siku ya Ushairi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Wazazi walikuja na makoti ya mvua na watoto mgongoni. Wageni nao walikuwa wamebandikwa visikio vya kuazima mlangoni, kwa hiyo wote, mzee wa Ukinga na mama wa Ugogo, walikuwa wamekaa ndani ya sauti ile moja. Mthibiti Chiduo alikuwa meza ya mbele, na mbele yake karatasi ya majina na kalamu. Nyamizi alikaa katikati ya mstari wa kwanza, amekunja nne, kama mwenye ng'ombe mnadani.

Tulipanda. Tluway akatoka mbele hatua moja.

"Mwangaluka mlima," alianza, na m ya mlima ikamnasa.

Visikio vikatetemeka ukumbi mzima. Niliona watu wakigusa nyuma ya masikio. Halafu Mama akanyamaza, na ndani ya ukumbi kukawa na vitu ambavyo havikuwapo: mvua, kikohozi, mtoto akinyonya, kiti kikilia. Na sauti ya Tluway, imesimama kwenye herufi moja, ikigonga. Mtu mmoja nyuma alicheka. Tluway alimngoja amalize. Hakushusha macho. Kisha akavuka, akaenda hadi mwisho wa mstari, na sisi kumi nyuma yake tukasema yale yale kwa mikono, si kwa pamoja sana, lakini tulisema.

Mama mmoja wa Kisukuma alisimama bila kujua amesimama. Mtoto wake, niliyemfahamu kidato cha pili, alikuwa anamtazama kwa mshangao. Alikuwa anamsikia mama yake akiitikia salamu mbele za watu kwa mara ya kwanza.

Ubeti wa pili. Wa tatu. Nilimtazama Nyamizi, macho yake hayakuwa kwenye midomo yetu tena. Yalikuwa kwenye mikono, yanakwenda na kurudi, na nilipokosea kwenye neno la mto alinitukana kama alivyoahidi, hapo alipokaa, kwa vidole vitatu.

Mwisho wa ubeti wa nne Mthibiti Chiduo alisimama. Hakupiga kelele. Alifika karibu na jukwaa, na kwa kuwa Mama alikuwa bado kimya, tulisikia sauti yake mwenyewe, ndogo kuliko nilivyodhani, na ndani yake Ugogo kidogo uliobaki pembeni kama ukoko.

"Subilaga. Umebaki ubeti mmoja. Umalizie kwa Kiswahili, watu waelewe. Jina lako bado lipo."

Ukumbi wote ulinitazama. Kiswahili ni changu. Nimekipenda kuliko nilivyompenda mtu yeyote, nilikijua kabla sijajua kufunga kamba za viatu, na kama kuna lugha ambayo ningeweza kuuvunja nayo miguu ukumbi ule kwa mistari minne, ni hiyo. Ndiyo maana niliona aibu kwamba alitaka nikitumie kama kifuniko.

Niliinua mikono.

Ubeti wa mwisho ulikuwa wa Nyamizi peke yake, na kwa sheria yetu ulikuwa mdomoni mwangu, yaani viganjani. Niliusema polepole. Nyuma yangu wale kumi wakaupokea. Visikio havikutetemeka hata kidogo. Kwa Mama, hakuna kilichokuwa kinasemwa. Kwenye kiitikio, ambacho ni cha watu wote, mkono unaanzia kifuani, unafunguka, unamtafuta mwenzako. Tulikirudia mara tatu kama ushairi unavyotaka. Mara ya kwanza Nyamizi aliitika peke yake. Mara ya pili yule mama wa Kisukuma alijaribu. Mara ya tatu mikono iliinuka hadi kwenye madirisha, ya kuchuma chai, ya kubeba watoto, karibu yote ikikosea.

Hatukupigiwa makofi. Mikono ilikuwa na kazi.

Watu walipokuwa wanatoka, mthibiti aliniita mezani kwake. Karatasi ilikuwa hapo. Aliniacha nione akichora mstari juu ya jina langu, mstari mmoja, ulionyooka. Akaandika chini yake kwamba chama kimevunjwa kuanzia leo. Sikulia hapo. Nililia Jumapili, lakini hiyo ni habari yangu.

Nilikuwa nimegeuka niondoke aliposema, kwa sauti ya chini, bila kunitazama:

"Ule wa mwisho. Ulikuwa unasemaje?"

Ningeweza kumwambia. Ni maneno machache, na Kiswahili kingeyabeba bila kumwaga. Nilimfikiria akiwa darasa la tatu, na kamba ya katani shingoni, na nilimwonea huruma kweli. Lakini nilikuwa nimekwisha kufundishwa bustanini kwamba huruma nayo inaweza kumvua mtu mikono.

"Madamu, ule hauna mkalimani," nilisema. "Mwenyewe ni yule pale, anakusanya viti. Chama kimevunjwa, sawa, tumesikia. Lakini saa kumi tunamenya viazi jikoni, kila siku, na hakuna sheria ya kukataza kumenya viazi. Njoo umwulize."

Alikunja karatasi, akaifungia kwenye mkoba, akapita katikati ya viti kuelekea mlangoni. Mkoba aliushika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliuficha haraka mfukoni mwa koti, lakini nilikuwa nimekwisha kuuona: ulikuwa umetoka kifuani, umeanza kufunguka.